Rangi Inayofuata Kilicho Hai

Mgonjwa wa kifua kikuu akitimiza miezi miwili ya dawa hurudi kituoni na kikopo cha makohozi. Mtaalamu wa maabara huyapaka kwenye kioo, huyakausha, huyatia rangi, kisha huinamia hadubini. Pengine vijiti bado vinaonekana: vyembamba, vimepinda kidogo, vyekundu juu ya buluu kama rangi iliyotumika ni ya Ziehl-Neelsen, au vya manjano vinavyong'aa gizani kama ni oramini. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Vijiti hivyo vinaweza kuwa bakteria walio hai ambao dawa imeshindwa kuwaua, na vinaweza kuwa mizoga ambayo mapafu yangali yakiitoa. Rangi haitofautishi. Ukuta wa bakteria huyu umejaa mafuta mazito yanayoishika rangi na kukataa kuiachia hata ikioshwa kwa asidi, na mafuta hayo hayaondoki siku bakteria anapokufa.

Mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwaka 2010 na ambayo leo imeenea Tanzania, imesaidia sana katika kugundua ugonjwa. Hadubini huhitaji bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi ndipo imwone mmoja. Mashine hii huridhika na mia moja na ushei. Lakini inasoma DNA, na DNA ya bakteria aliyekufa husomeka vizuri tu. Ndiyo maana haitumiki kufuatilia kama dawa inafanya kazi. Njia ya uhakika ni kuotesha vimelea, na kifua kikuu huota polepole mno: katika chupa za kawaida matokeo huweza kungojwa hadi wiki nane. Katika muda huo mgonjwa mwenye vimelea sugu amerudi kijijini, amelala chumba kimoja na watoto wake, amepanda boti iliyojaa watu.

Kwa hiyo swali ninalotaka kulipitia ni hili: rangi itengenezwe vipi ili imfuate aliye hai peke yake, na ndani ya huyo aliye hai iguse kitu kimoja tu tunachokitafuta, bila kumvuruga? Wanakemia wamelijibu kwa namna ambayo mwaka 2022 iliwapatia watatu kati yao, Carolyn Bertozzi, Morten Meldal na Barry Sharpless, Tuzo ya Nobel. Naliangalia kutokea Kigoma kwa sababu mbili. Kifua kikuu, malaria na ziwa lenyewe ni mambo ambayo majibu yake yamo ndani ya seli zilizo hai. Na moja ya kazi nzuri kuliko zote za rangi hizi ni ya mwanamke aliyezaliwa na kukulia Burundi, jirani zetu tunaogawana nao maji ya Tanganyika.

Mireille Kamariza alihamia Marekani akiwa bado kijana, akaanzia chuo cha jamii San Diego, na hatimaye akaingia katika maabara ya Bertozzi, kwanza Berkeley kisha Stanford. Mwaka 2018 yeye na wenzake, wakiwemo watafiti wa Afrika Kusini, walichapisha kazi kuhusu rangi waliyoiita DMN-Tre. Ina sehemu mbili. Ya kwanza ni trehalosi, sukari ambayo mwili wa binadamu hauitumii kujengea chochote, ila bakteria wa kifua kikuu huihitaji kila siku: huiunganisha na mafuta marefu na kuipachika kwenye utando wake wa nje. Ya pili ni rangi yenye tabia ya pekee. Ndani ya maji karibu haing'ai kabisa. Ikiingia kwenye mafuta mng'ao wake hupanda zaidi ya mara 700. Bakteria aliye hai huila sukari hiyo akidhani ni ya kawaida, huipeleka kwenye utando wake wenye mafuta, na hapo taa inawaka. Aliyekufa hali chochote. Anayekaribia kufa kwa dawa hula kidogo na kung'aa kidogo. Makohozi ya wagonjwa wa Afrika Kusini yalipojaribiwa, vijiti vilionekana chini ya hadubini ya kawaida ya mng'ao ndani ya muda mfupi, bila hata kuosha kioo.

Hilo la kutokuosha lina uzito kuliko linavyosikika. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga hupumzika siku za mbalamwezi, maana taa zao hazina nguvu ya kuwavuta samaki ziwa lote likiwa limemulikwa kutoka juu. Rangi yoyote inayong'aa hukabiliwa na tatizo hilohilo: si mwanga wake tu unaohesabika, bali giza linaloizunguka. Rangi ya kawaida iliyobaki ikielea kwenye kioo hung'aa sawa na ile iliyoshikamana na bakteria, na kuiondoa ni kuosha mara tatu, mara nne, huku kila mwosho ukichukua baadhi ya bakteria wenyewe. Rangi inayojizima hadi ifike mahali pake huondoa mbalamwezi yote kwa mara moja. Katika makohozi mazito, yaliyochanganyika na usaha na mabaki ya chakula, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kipimo kitafanya kazi zahanati au kitaishia kwenye jarida.

Mambo haya yana historia ndefu, na historia hiyo inapita karibu na Ujiji kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1845 John Herschel wa Uingereza aliona kwamba maji yenye kwinini, ambayo hayana rangi yoyote, hutoa mng'ao wa buluu jua likiyapiga. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes akaeleza sababu: dawa hiyo hupokea mwanga tusiouona, hupoteza sehemu ya nguvu yake, kisha huurudisha ukiwa mwanga tunaouona. Kwinini ileile ndiyo David Livingstone aliibeba kujikinga na homa, hadi sanduku lake la dawa lilipoibwa Januari 1867. Alifika Ujiji akiwa amedhoofika, na hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta mwishoni mwa 1871. Mwaka huohuo, huko Ujerumani, Adolf von Baeyer alikuwa ametengeneza fluoreseini, rangi ya kijani kali ambayo mpaka leo ni mama wa rangi nyingi zinazotumika maabara. Madaktari wa macho huitumia kuona jeraha kwenye mboni. Wanajiolojia huimwaga mtoni kufuatilia maji yanakokwenda.

Fluoreseini ina dosari zake. Hufifia haraka ikimulikwa sana, na mng'ao wake hushuka maji yanapokuwa na uchachu. Waliofuata walirekebisha: rodamini zinazovumilia zaidi, sianini zinazong'aa kuelekea wekundu, na rangi za kisasa zilizopachikwa vikundi vya salfa ili ziyeyuke vizuri majini. Kila marekebisho yana gharama yake. Vikundi hivyo vya salfa, kwa mfano, huifanya rangi ishindwe kupenya ngozi ya seli iliyo hai. Inafaa kwa kile kilicho nje ya seli au kwa seli iliyokwisha kuuliwa na kutobolewa. Anayetaka kuona ndani ya seli inayoishi lazima achague rangi isiyo na chaji, nayo ina tabia ya kunata ovyo kwenye mafuta. Sijaona rangi isiyo na lawama, na muuzaji anayesema anayo si wa kuaminiwa.

Lakini tatizo kubwa kuliko yote si mwanga, ni ukubwa. Molekuli ya fluoreseini ina uzito wa 332. Trehalosi yenyewe ina 342, yaani kuipachika rangi ni kama kuizidisha sukari mara mbili. Kwa bahati kimeng'enya cha kifua kikuu kinachoibeba trehalosi hakichagui sana. Watafiti walithibitisha mwaka 2011 kwamba hukubali hata trehalosi iliyobeba fluoreseini. Ni nadra kupata bahati hiyo. Asidi ya amino iitwayo methionini ina uzito wa 149 tu. Ukiipachika rangi, mashine ya seli inayotengeneza protini haitaigusa. Kingamwili zenye rangi, ambazo hospitali huzitumia kuhesabu seli za CD4, zina uzito wa karibu 150,000. Zinafaa kwa kile kilicho juu ya seli. Kwa sukari ndogo iliyojificha ndani hazina msaada.

Jibu la kemia ya kliki, yaani kemia ile iliyopewa Nobel, ni kuigawa kazi mara mbili. Kwanza mpe kiumbe chakula chenye kishikizo kidogo mno, ambacho mwili wake hautakigundua. Mwache ale, ajenge, aishi. Kisha, baadaye, leta rangi iliyobeba nusu ya pili ya kishikizo, nusu mbili zikutane na kufungana moja kwa moja. Kishikizo kinachopendwa zaidi ni azidi, naitrojeni tatu zilizopangwa mstari, uzito wake 42 tu. Mwenzake ni alikaini, kaboni mbili zilizoungwa kwa vifungo vitatu. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopatikana kwa kawaida ndani ya viumbe, na hakuna kinachojishughulisha na maji, chumvi, protini au sukari zinazokizunguka. Uzuri wa mbinu hii upo hapo: katika seli iliyojaa maelfu ya kemikali zinazogusana, hivi viwili havitaki kingine.

Rolf Huisgen wa Ujerumani alikwisha kuchunguza muungano wa azidi na alikaini tangu miaka ya 1960, lakini ulihitaji joto kali. Mnamo 2001 na 2002, Meldal kule Copenhagen na Sharpless kule Marekani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba shaba huufanya muungano huo utokee haraka katika joto la kawaida la chumba. Mapishi yake nayaona mazuri kwa jinsi yalivyo ya kawaida. Shaba inatoka kwenye mrututu, ule unga wa buluu unaouzwa kwa wakulima wa kahawa wa kuzuia ukungu. Mrututu peke yake hautoshi, kwa kuwa shaba yake iko katika hali isiyofanya kazi. Huongezwa askobati, yaani chumvi ya vitamini C, inayoigeuza iwe katika hali inayotakiwa. Kisha huja rangi yenye azidi, kiasi kidogo sana. Funika sahani kwa karatasi ya alumini, iache nusu saa gizani, osha, tazama.

Kazi za mikono zina siri zake. Askobati hutengenezwa siku ileile. Ikigeuka rangi ya chai imekwisha, na anayeitumia hivyo atapata kioo cheusi na kulaumu rangi. Kosa jingine linalopoteza siku nzima ni la chupa za akiba: vimiminika vingi vya maabara huhifadhiwa kwa sodiamu azidi ili visiote ukungu, na azidi hiyo hushindana na rangi kwenye vishikizo. Mmiminiko mmoja usiooshwa vizuri, na vishikizo vyote vimekwisha kushikwa na kitu kisichong'aa. Shaba nayo huua mng'ao wa protini ya kijani inayotumika katika vinasaba, kwa hiyo anayetaka kuona vyote viwili apange mapema.

Tena shaba ni sumu kwa seli. Kwa kioo kilichokwisha kutiwa formalini si kitu, lakini kwa kiumbe anayeishi haifai. Bertozzi alilitatua mwaka 2004 kwa kuiacha shaba kabisa: aliipinda alikaini ndani ya pete ya kaboni nane. Pete hiyo imejikunja kwa nguvu, inatafuta nafasi ya kujinyoosha, na azidi ikipita karibu inaipatia nafasi hiyo. Mwaka 2008 maabara yake ilionyesha sukari za samaki wadogo wa milia wakikua wakiwa hai, rangi juu ya rangi, saa baada ya saa. Mwaka huohuo ikaja tetrazini, kishikizo kinachofungana kwa kasi kubwa zaidi, na chenye fadhila ya kuizima rangi iliyobebwa nayo hadi kifungo kitimie.

Sasa turudi kwenye kifua kikuu, maana kuna jambo hapa ambalo wapenzi wa kemia hii hulipita haraka. Kabla ya DMN-Tre, mwaka 2012, maabara hiyohiyo ya Bertozzi ilikuwa imetengeneza trehalosi yenye azidi. Ilifanya kazi vizuri: bakteria aliila, rangi ikafungwa baadaye. Hata hivyo kipimo kilichopelekwa kwa wagonjwa hakikuwa hicho. Kamariza alichukua elimu iliyopatikana kwa kliki, yaani kujua sukari inapita njia ipi na kimeng'enya kinavumilia mzigo wa ukubwa gani, kisha akaiacha kliki yenyewe na kuweka rangi moja kwa moja. Nadhani alifanya uamuzi sahihi. Katika zahanati yenye foleni, kila hatua inayoongezwa ni mahali pa kukosea. Hatua mbili zina kazi yake kwa mtafiti anayetaka kubadilisha rangi atakavyo. Kwa mgonjwa aliyekaa kwenye benchi, hatua moja ndiyo yenye heshima. Mwaka 2021 kundi hilo lilitoa rangi nyingine ya aina hiyo yenye mng'ao mkali zaidi, inayowaonyesha bakteria kwa dakika chache.

Haitoshi kusifu tu. Rangi hii hutaka bakteria aliye hai, kwa hiyo makohozi hayawezi kuuliwa kwanza kwa moto au jiki kabla ya kupimwa. Mtaalamu aliyezoea kioo kilichopitishwa kwenye moto ataanza kushika vimelea vilivyo hai kwa muda mrefu zaidi, na hilo ni suala la usalama wake kabla ya kuwa suala la sayansi. Pili, trehalosi hailiwi na kifua kikuu peke yake. Jamaa zake, wakiwemo bakteria wasio na madhara wanaoishi mdomoni na kwenye ngozi, wana utando wa namna hiyohiyo na watang'aa pia. Tatu, ina washindani. Bangladesh walikwisha kujaribu kuwafuatilia wagonjwa kwa fluoreseini iliyofichwa, ambayo humeng'enywa na seli hai tu. Na kuna kipimo kinachohesabu RNA badala ya DNA, kwa kuwa RNA huoza upesi bakteria akifa. Hicho kimejaribiwa hapa Tanzania, Malawi na Msumbiji. Atakayeshinda atashinda kwa bei, kwa uimara wa kemikali kwenye joto, na kwa idadi ya hatua.

Malaria inatoa somo la namna nyingine, nalo linaihusu Kigoma moja kwa moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchi nzima: asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 7. Karibu wote hao hutibiwa kwa dawa mseto, ambayo nguvu yake ya haraka inatokana na jamii ya artemisinini. Kwa miaka mingi dawa hiyo ilitumika bila mtu kujua kwa hakika inagonga nini ndani ya kimelea. Kila kundi la watafiti lilikuwa na protini yake liliyoipigania.

Mwaka 2015 watafiti wa Singapore waliipachika artemisinini mkia mdogo wa alikaini. Dawa ikabaki dawa, ikaua vimelea kama kawaida ndani ya chembe nyekundu za damu. Kisha wakavipasua vimelea, wakaleta kishikizo cha pili, na kuvuta kila kitu kilichokuwa kimefungwa na dawa. Hawakupata protini moja. Walipata 124. Dawa ilikuwa imelipuka ndani ya kimelea na kung'ang'ania chochote kilichokuwa jirani. Na kilichoilipua kilikuwa hemu, ile sehemu ya damu yenye chuma, ambayo kimelea chenyewe huitoa kinapokula himoglobini. Ulafi wake ndio unaoiwasha sumu.

Kwa wanaofuatilia habari za Kagera, hili linaeleza jambo zito. Katika mkoa huo unaopakana na Kigoma, hasa wilaya ya Karagwe, vimelea vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H vimethibitishwa, badiliko lilelile lililoonekana Rwanda, na vimelea hivyo huchelewa kufa vikipewa artemisinini. Jeni iliyobadilika inahusika na namna kimelea kichanga kinavyomeza himoglobini. Kikimeza kidogo, hutoa hemu kidogo, na dawa hubaki haijawashwa. Bila kishikizo cha alikaini, mnyororo huo wa sababu ungekuwa mgumu mno kuunganishwa. Hakuna mgonjwa aliyewahi kupewa dawa yenye mkia huo wala hatapewa; faida yake ilikuwa kutuonyesha dawa inakokwenda.

Nimeliacha ziwa mwisho kwa sababu ndilo linaloweza kunufaika zaidi, na kwa sababu hapa Kigoma ina kitu ambacho hakuna maabara ya ng'ambo inayoweza kukinunua. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Hewa ya oksijeni inapatikana katika mita mia moja hadi mia mbili za juu tu. Chini ya hapo ni maji yasiyo na oksijeni hata chembe, mengi kuliko ya ziwa jingine lolote la maji baridi duniani. Katika giza hilo ndimo mbolea ya ziwa inamohifadhiwa. Bakteria huoza kilichozama, huachilia naitrojeni na fosforasi, na upepo wa kusi unapolikoroga ziwa sehemu ya mbolea hiyo hupanda juu, hulisha mimea midogo, nayo hulisha wanyama wadogo sana wa majini, nao hulisha dagaa. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba ziwa linapata joto, linakorogeka kidogo kuliko zamani, na kwamba uzalishaji wake ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20. Kwa hiyo kujua ni bakteria gani wanafanya kazi, wapi na kwa kasi gani, ni kujua chakula cha watu wanaoishi kwa dagaa kuanzia Kigoma hadi Kalemie, Bujumbura na Mpulungu.

Tunachokijua hadi sasa tumekipata kwa DNA. Mwaka 2021 kundi lililohusisha Chuo Kikuu cha Wisconsin na watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, lilichapisha uchambuzi wa maji yaliyochotwa upande huu wa ziwa tangu usoni hadi vilindini: jenomu 523 za vijidudu kutoka makundi makuu 34, wengi wao ni wageni katika maziwa. Ni kazi kubwa. Ila DNA inatoa orodha ya waliopo, haitoi zamu ya kazi. Bakteria aliyelala, aliyekufa jana, na anayefanya kazi usiku na mchana, wote wana majina kwenye orodha.

Hapa ndipo methionini ya bandia yenye kishikizo inapoingia. Roland Hatzenpichler na Victoria Orphan, wakifanya kazi California, walionyesha tangu 2014 kwamba unaweza kuwapa vijidudu wa porini asidi hiyo, wakaijenga kwenye protini mpya, kisha ukawafunga rangi: aliyetengeneza protini katika saa hizo anang'aa, asiyetengeneza anabaki mweusi. Kisha unaweza kuwatenga wanaong'aa na kusoma DNA yao. Kwa maji ya vilindi vya Tanganyika mbinu hii ina faida isiyo na mfano, kwa kuwa protini ya kijani inayopendwa na wanabiolojia haiwezi kuiva bila oksijeni, na hakuna anayeweza kuwabadilisha vinasaba vijidudu 523 ambao wengi wao hawajawahi kuoteshwa. Azidi na alikaini hazijali oksijeni wala hazijali jina la aliyezila.

Linganisha na kazi nyingine za kutajika za mwambao huu. Virusi vya SIV vya sokwe wa Gombe vilithibitishwa mwaka 2002 kutokana na vinyesi na mikojo iliyosafirishwa hadi maabara za Marekani. Jenomu za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu spishi zote zipatazo 240 za ziwa hili, zilichambuliwa na kundi la Basel, Uswisi, na kuchapishwa 2021. Usomaji wenyewe hutumia rangi zinazong'aa kutofautisha herufi za DNA, na kizuizi kinachoisimamisha mashine kila herufi moja kina azidi ndani yake. Katika kazi zote hizo ufukwe ulitoa sampuli, na sayansi ikafanyika mbali. Iliwezekana kwa sababu virusi na DNA husafiri vikiwa vimekufa. Kazi ya kiumbe hai haisafiri. Maji ya mita 300 yakifika Ulaya baada ya siku tano, walioishi humo wamebadilika wote. Ile nusu ya kwanza ya mbinu, ya kumlisha kiumbe kishikizo akiwa mahali pake, lazima ifanyike hapa, na anayeijua nusu hiyo ndiye anayeuliza swali.

Na nusu hiyo si ya gharama ya kutisha. Maji ya vilindi vya Tanganyika yana joto la nyuzi 23 hivi, kwa hiyo chupa haihitaji mtambo wa kuipoza kama zile za baharini. Inahitaji chombo cha kuchotea kinachofunga kilindini, chupa za glasi zinazojazwa bila kuingiza hewa, methionini yenye kishikizo, kisanduku cheusi cha kuzikalisha kwa saa kadhaa, formalini, chujio la matundu ya maikromita 0.2, na friji. Chujio lililokwisha kutiwa formalini na kukaushwa huvumilia miezi kwenye baridi. Mrututu, vitamini C na rangi vinaweza kungoja. Rangi ichaguliwe kwa kuujua mkoa wake: mimea midogo ya juu hung'aa yenyewe kwa wekundu kwa sababu ya klorofili, na sainobakteria wadogo waliojaa ziwani huongeza rangi ya chungwa, kwa hiyo kwa maji ya juu kijani ndiyo salama, wakati wekundu wa mbali utumike tu gizani kusiko na mmea.

Kitu kimoja hakikwepeki. Kwa kila chupa iliyolishwa kishikizo iwepo nyingine ya maji yaleyale iliyouliwa kwa formalini kabla ya kulishwa, na ya tatu isiyolishwa kabisa. Ya kwanza iking'aa na ya pili ikabaki nyeusi, tumeona kazi ya viumbe hai. Ya pili iking'aa nayo, rangi imenata tu. Na ya tatu hutuambia ni kiasi gani cha mwanga kilikuwa cha ziwa lenyewe tangu mwanzo.